Kwa nini Namba 12 hakusema kwamba magoti yanamuuma

Kisa hiki ni cha shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, ninapofundisha mazoezi ya viungo na kumsaidia kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya wavulana. Mwenye kisa alikuwa na miaka 14, mwanafunzi wa mwaka wa nane. Yeye na mama yake wamekubali nikiandike, ila jina lake na la shule lisitajwe. Nitamwita Namba 12, kwa fulana aliyoivaa tangu msimu uliotangulia na ambayo aliamriwa kuivua mbele ya wenzake mwezi wa Februari.

Aliivua kwa kosa la uvivu. Kwa miezi minne kabla ya siku hiyo magoti yake yote mawili yalikuwa yanamuuma kila alipochuchumaa, kila aliporuka na kila aliposhuka ngazi, na hakumwambia mtu yeyote shuleni. Mimi nilikuwa naye uwanjani mara tatu kwa wiki. Tangu niujue ukweli nimekuwa na swali moja tu: kwa nini hakusema? Jibu nililipata, na limenichoma, maana sehemu yake niliiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Kurefuka

Namba 12 anaishi Katuba, tarafa ya hapa Lubumbashi, na mama yake, dada zake wawili na mdogo wake wa kiume. Baba alikwenda Kolwezi kutafuta kazi kwenye migodi na hurudi mara chache. Mama hukaanga mikate, yale maandazi ya duara tunayokula asubuhi na uji, akauza kando ya barabara kabla watu hawajaenda kazini.

Msimu wake wa kwanza alikuwa mgawaji mipira wetu. Mfupi, mwepesi, mwenye jicho: alijua mwenzake atafika wapi kabla mwenyewe hajajua. Aliporudi kutoka likizo kubwa, kocha alimwona getini akapiga makofi. Pivo wetu, yule mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, alikuwa amemaliza masomo, na huyu hapa mtoto aliyeondoka mdogo amerudi mrefu. Siku ile ile akahamishwa chini ya kikapu.

Katika mji huu kijana wa basiketi akirefuka hakwepi jina la Bismack Biyombo. Alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1992, akaondoka akiwa bado kijana kwenda kucheza Yemen, kisha Hispania, na mwaka 2011 akachaguliwa wa 7 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA kule Marekani. Wavulana wetu wanaijua habari hiyo kama wanavyoyajua mataji 5 ya Afrika ya TP Mazembe. Wakaanza kumwita Namba 12 kwa jina la Biyombo, akafurahi, nami nikafurahi. Sote tuliutazama urefu wake. Hakuna aliyeuliza umekuja kwa kasi gani.

Kasi hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye droo yangu. Kila Septemba najaza fomu ya kila mchezaji: umri, uzito, urefu, mtu wa kuitwa akiumia. Fomu yake ya kwanza inasema sentimita 157. Ya pili inasema 168. Mwandiko ni wangu kwenye zote mbili, na zilikuwa ndani ya jalada moja. Sikuzilaza pamoja mezani hata siku moja.

Wavulana wengi hufikia kilele cha kurefuka wakiwa na miaka 13 au 14, wasichana kama miaka 2 mapema zaidi. Wengine huchelewa sana, na ndiyo maana watoto wawili wa mwaka mmoja wa kuzaliwa wanaweza kusimama uwanjani mmoja akiwa na mwili wa mtoto na mwingine wa kijana. Katika kilele hicho mifupa ya miguu hutangulia, misuli na kano zikabaki nyuma zimevutika kama kamba ya nguo iliyofungwa fupi. Ubongo nao umezoea kuendesha miguu mifupi. Kwa hiyo mtoto anajikwaa, anadondosha pasi aliyokuwa akiidaka bila kutazama, mpira wake haufiki kwenye pete. Hali hiyo hupita yenyewe baada ya miezi. Sisi tuliichagua miezi hiyo hiyo kumpa kazi mpya, tena ile inayodai kuruka kuliko kazi zote uwanjani.

Tulichokiona na jina tulilokipa

Kuanzia Oktoba tuliona mambo haya. Kwenye ulinzi hakuinama, alisimama wima kama mlingoti. Mpira ukirudi kutoka kwenye ubao, aliruka mara ya kwanza, mara ya pili akanyoosha mkono tu. Akitua, alitua miguu imekakamaa. Wenzake wakikimbia kuzunguka uwanja, yeye alikuwa akifunga kamba za viatu. Pasi zilimponyoka. Darasani mwalimu wa hesabu alilalamika kwamba analala, na bulitini, yaani ripoti ya alama, ya kipindi cha pili ilimteremsha kutoka asilimia 68 hadi 54.

Kila alama kati ya hizo ilikuwa na maelezo yake mwilini. Tuliziunganisha zote tukazipa jina moja, uvivu, na baadaye kiburi. Kocha aliona kwamba urefu umempanda kichwani. Mwalimu mmoja alisema ni mambo ya wasichana. Mimi niliona ameanza kuchoka na mchezo, na nikaona ni haki yake. Nilijihesabu mpole kuliko wenzangu. Sasa naona upole wangu ulikuwa njia nyingine ya kutouliza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Februari, mvua imenyesha usiku, saruji ya uwanja bado ina unyevu kwenye nyufa. Tulifungwa kwa pointi 3. Mpira wa mwisho uligonga pete ukarudi juu ya kichwa chake, naye hakuruka. Kocha alisubiri timu nyingine iondoke, akamwita katikati ya wenzake 23 akamwambia: “Wewe uko murefu bure. Tosha fulana.” Kwa wasio wa huku: kutosha kwa Kiswahili chetu ni kutoa. Mtoto mmoja alicheka. Namba 12 aliivua, akaikunja vizuri, pande zote zimekwenda ndani, akaiweka kwenye benchi. Mimi nilikuwa nikiingiza mipira kwenye wavu. Niliendelea kuingiza mipira.

Namtendea haki kocha pia. Ana vijana 24 na mipira 4, mmoja wao unapoteza upepo. Hana daktari wala msaidizi mwingine zaidi yangu, na posho yake hutegemea michango ya wazazi ambayo huchelewa. Anaamini kwa moyo wote kwamba nidhamu ndiyo iliyomwokoa yeye mwenyewe akiwa kijana wa Kenya, tarafa ya hapa hapa Lubumbashi, mtaa wa pili tu kutoka sokoni. Neno alilolisema ni neno ambalo aliwahi kuambiwa. Hilo halimwondolei kosa, lakini mtu akikisoma kisa hiki akamwona kocha kuwa mbaya, hatakuwa amekielewa.

Ngazi

Nilijua kwa bahati. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimesimama chini ya ngazi za jengo la juu, kengele imelia, wanafunzi wamekwisha kushuka. Akaja yeye peke yake, akishuka kwa ubavu, mkono ukutani, mguu mmoja unatangulia na mwingine unaufuata kwenye kidato kile kile, kama babu. Hakuniona. Hakuwa tena kwenye timu, hapakuwa na mtu wa kumwonyesha kwamba ni mzima, na mwili ulifanya ulivyotaka.

Nilimngoja chini. Nilimwuliza kama ameumia. Akasema hapana. Nikakaa kwenye kidato, nikamwomba akae. Alikaa kwa kujiachia ghafla, maana kukunja goti taratibu kulimshinda.

“Ni magoti, mwalimu. Inaniumaka.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwezi wa kumi.”

“Mbona hukusema?”

Alinyamaza muda mrefu, akichezea mkoba. Kisha akasema, bila kunitazama: “Niliogopaka mutanitosha mu ekipe. Mukinitosha, mama atalipa minervali yote.” Ekipe ni timu, minervali ni ada ya shule.

Shule yetu ina utaratibu. Elimu ya msingi katika shule za serikali imekuwa bure nchini tangu Septemba 2019, lakini sekondari tunalipa, na kwa mama wa Katuba mwenye watoto wanne malipo hayo ni mlima. Mwanafunzi aliye kwenye timu ya shule hupunguziwa nusu. Kila mwanzo wa kipindi mimi ndiye ninayeandika orodha ya waliomo kwenye timu na kuipeleka kwa mhasibu. Nilidhani ninaandika zawadi. Mtoto wa miaka 14 alikuwa ameisoma kwa usahihi kuliko mimi: ukiwa mzima nusu, ukiwa mgonjwa yote. Alipoanza kuumwa Oktoba, alipiga hesabu akaamua kuvumilia, na aliivumilia hesabu hiyo hadi tulipomvua fulana kwa sababu ya dalili za uvumilivu wenyewe.

Na jambo ambalo bado linanikosesha usingizi: tangu Februari alikuwa hayumo kwenye orodha, na hakuwa amemwambia mama. Alikuwa akiweka akiba. Jumapili alipakia makala, yaani makaa, kwenye pusupusu, ile mikokoteni ya kusukuma, sokoni, kwa magoti yale, ili afikishe pesa hiyo kabla mama hajaitwa shuleni.

Nyumbani

Nilikwenda Katuba Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Mama alinipokea kwa wasiwasi, kama mzazi yeyote anavyompokea mwalimu asiyealikwa. Nilianza kwa kumwambia kwamba mtoto hana kosa. Alikaa, akapumua, akaniambia: “Mwalimu, huyu anakulaka bukari ya batu babili. Suruali nilimununulia mwezi wa kenda, angalia iko wapi.” Bukari ni ugali, na batu babili ni watu wawili. Suruali ilikuwa imepanda juu ya kifundo cha mguu kwa vidole vinne. Kipimo kizuri kuliko fomu yangu.

Mama alijua kuhusu magoti. Alijua tangu Desemba, maana usiku alimwona akiyakanda. Alikuwa amempeleka kwenye zahanati ya mtaani, akachomwa sindano mbili za rumatizimu matakoni, maumivu yakatulia siku tatu yakarudi. Walimwambia ya tatu itachomwa ndani ya goti lenyewe, naye alikuwa akitafuta pesa. Hofu yake ya kweli ilikuwa nyingine, na aliisema kwa sauti ya chini watoto wasisikie: SS, yaani selimundu. Dada yake alimpoteza mtoto kwa ugonjwa huo, na Kongo ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Kila mfupa unaouma katika nyumba ile ulisikika kwa sikio hilo. Mama naye hakuja shuleni kusema, kwa sababu ile ile ya mwanawe. Walikuwa wamekubaliana bila kuzungumza.

Nilimwomba Namba 12 anieleze wiki yake, siku baada ya siku, nikaandika. Ukurasa huo ninao hadi leo na ninaona kwamba ndio moyo wa kisa chote.

Mazoezi ya shule yalikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Novemba, alipoona mkono wake umepoteza shabaha, alijiunga na timu ya mtaa ili ajirekebishe: Jumanne na Alhamisi jioni. Kocha wa mtaa alipomwona mrefu alimweka chini ya kikapu moja kwa moja, kama sisi. Jumamosi mechi. Kila kocha alizihesabu siku zake peke yake akaona ni chache. Baadaye nilikaa na daftari kando ya uwanja nikahesabu miruko ya pivo mwingine katika zoezi moja la kawaida: 118. Ya mgawaji mipira siku hiyo hiyo: 46. Zidisha 118 kwa siku 6, unapata yapata 700 kwa wiki, juu ya saruji, kwa viatu vya mtumba ambavyo soli yake ya ndani ilikuwa imeisha.

Ongeza nyumbani. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri kuteka maji ya kazi ya mama, bidoni, yaani madumu, 4 ya lita 20, kila moja ikianza kwa kuchuchumaa na kuinuka na kilo 20. Kisha kuwasha mbabula, jiko la makaa. Kisha dakika 40 za miguu hadi shuleni. Usiku alisoma umeme ulipopatikana, mara nyingi hadi saa tano. Kijana wa umri wake anahitaji kulala saa 8 hadi 10; yeye alilala tano na nusu. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameona sawasawa kwamba mtoto analala darasani. Alikosa tu kujua kwamba hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kulala.

Kinundu

Tulimpeleka kwa mtaalamu wa viungo, kine kama tunavyosema, mama mtu mzima asiye na haraka. Kabla ya kugusa goti aliuliza: maumivu humwamsha usiku? Ana homa? Goti huvimba likawa la moto? Akamlaza akazungusha nyonga zake zote mbili, na aliponiona nashangaa akanieleza kwamba katika umri huu nyonga inaweza kuharibika na mtoto akalalamikia goti, na mtoto anayechechemea asipoangaliwa nyonga anaweza kuachwa na kilema. Aliagiza kipimo cha damu kwa ajili ya hofu ya mama. Kilirudi kizuri, na mama alilia palepale.

Halafu akabonyeza kidole gumba chini ya pia ya goti, kama vidole viwili chini yake, pale mfupa wa muundi unapoanza. Palikuwa na kinundu kigumu. Namba 12 karibu aanguke kutoka kitandani. Goti la pili, vivyo hivyo; la kushoto liliuma zaidi kidogo.

Tatizo hilo linaitwa Osgood-Schlatter, kwa majina ya madaktari wawili, mmoja wa Boston na mwingine wa Zurich, walioliandika kila mmoja kivyake mwaka huo huo wa 1903. Msuli mkubwa wa paja unashuka, unapita juu ya pia ya goti na kujishikiza kwa kano kwenye kinundu kile. Kwa mtu mzima kinundu ni mfupa mgumu. Kwa mtoto anayekua, chini yake bado kuna gegedu laini, ndipo mfupa unapokulia. Kila kuruka, kila kutua, kila kuinuka kutoka kuchuchumaa, kano inavuta pale. Ikivuta mara chache, panapona usiku. Ikivuta mara 700 kwa wiki, na msuli wenyewe umebaki mfupi nyuma ya mfupa unaokimbia, panavimba na kuuma. Kwa wengi huisha ukuaji unapofungwa, kinundu kikibaki kama kumbukumbu. Halihitaji upasuaji isipokuwa kwa nadra sana, na sindano ile ya ndani ya goti kine aliikataa kwa maneno makali, kwa kuwa dawa za aina hiyo zinaweza kudhoofisha kano.

Nilitarajia aseme apumzike hadi mwaka ujao. Hakusema hivyo. Alisema mtoto anaweza kucheza, akipunguza. Alimfundisha kuyapa maumivu namba kutoka 0 hadi 10. Yakiwa 3 au chini na yakiisha kabla ya kesho asubuhi, aendelee. Yakizidi, au akiamka nayo, siku inayofuata apunguze. Alipoambiwa hivyo Namba 12 aliuliza, kwa sauti ya mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka: “Na nikisema ni saba, nitatoka?”

Kine alinigeukia mimi.

Bei ya kusema

Ndiyo maana kikao kilichofuata kilikuwa kwa prefe, mkuu wa shule yetu. Nilikwenda na orodha zangu na ukurasa wa wiki ya mtoto. Nilisema ninachoamini: kwamba tumeweka malipo juu ya ukimya, na kwamba tutaendelea kuletewa watoto wanaosema “niko muzuri, mwalimu” hadi mmoja avunjike kweli. Namba yoyote ya maumivu tutakayomwuliza mtoto itakuwa uongo kama jibu la kweli linagharimu nusu ya ada.

Prefe hakukubali mara moja, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Aliogopa kwamba wachezaji wataanza kujitangaza wagonjwa wakae nyumbani wakipunguziwa. Tulibishana karibu saa nzima. Tulichofikia ni hiki: aliyeingia kwenye orodha Septemba hubaki kwenye punguzo hadi mwisho wa mwaka hata akiumia, ila lazima ahudhurie siku za mazoezi na apewe kazi. Namba 12 akarudishwa kwenye orodha kuanzia Februari. Ile akiba ya makala alimpa mama, ambaye hakujua aanze kumkasirikia nani.

Kocha alikuja kwangu siku hiyo jioni. Alikuwa ameambiwa. Alikaa bila kusema, kisha akauliza kama kweli mtoto alikuwa akiumwa siku ile ya mpira wa mwisho. Nikamwambia ndiyo. Jumatano alikusanya timu mahali pale pale, watoto wale wale, akasema: “Nilikuita murefu bure. Ulikuwa unaumia, sikuuliza. Nimekosa.” Sijawahi kumwona mtu mzima wa umri wake akifanya hivyo mbele ya watoto. Namba 12 alitikisa kichwa tu. Nilitaka amsamehe kwa sauti, jambo lionekane limekwisha; namshukuru Mungu sikumlazimisha.

Machi hadi Mei

Wiki tatu hakuruka kabisa. Timu ya mtaa aliacha. Bidoni zilianza kwenda kwa pusupusu ya jirani, mama akimlipa kwa mikate. Nyumbani alikaa mgongo ukutani kama aliye kitini, magoti yamekunjwa kidogo, akihesabu hadi 30. Alinyoosha paja mbele na nyuma. Jioni alifunga barafu ya sacheti kwenye kitambaa dakika 10 juu ya kinundu. Uwanjani alirusha mipira huru miguu ikiwa chini, mita 4.6 kutoka kwenye ubao, mpira baada ya mpira, na mkono wake ukaanza kurudi. Siku za mechi aliandika karatasi ya mchezo mezani. Jicho lake la zamani lilikuwa bado lipo: aliniletea kipande cha karatasi kinachoonyesha kwamba tunapoteza mipira mingi zaidi upande wa kushoto. Alikuwa sahihi.

Aprili alianza kuruka, mara 20 kwa zoezi, kisha 40. Kuna wiki aliniambia “tano” tukarudi nyuma. Mara ya kwanza alipolitamka neno hilo alinitazama usoni kuona nitafanya nini. Nilimwambia akachukue karatasi ya mchezo.

Sitaki kudai mwisho mwema ambao haukutokea. Rafiki yake aliyechukua nafasi ya pivo alikuwa mzuri, na hakuna haki ambayo ingemtoa. Kwenye mashindano ya Mei Namba 12 alicheza dakika 6, kama mgawaji mipira, akakosa mitupo yake miwili, tukatolewa. Alikwenda kulia nyuma ya choo. Nilimfuata, na safari hii sikuwa na maelezo ya kitabibu ya kumpa. Alikuwa amekosa tu, kama wanavyokosa wachezaji. Kwenye bulitini ya mwisho alipata asilimia 61. Yeye na kocha wanasalimiana kwa heshima, bila uchangamfu wa zamani. Namba 12 ilikwisha kupewa mtoto mwingine Februari, na hakuiomba.

Septemba nilijaza fomu upya. Nimeweka tatu zake pamoja, zimebanwa kwa klipu: 157, 168, 177. Kwenye fomu ya kila mchezaji nimeongeza mstari mmoja chini ya urefu, unaouliza kama kuna mahali panapouma, na tangu mwaka huu mstari huo wanaujaza wenyewe. Wengi wameandika hapana. Yeye ameandika, kwa herufi zake ndogo zilizolala: goti ya kushoto, mbili, nikishuka ngazi.